Sahani ya Peke Yake

Nilikwenda Izigo kwa sababu baba yangu, ambaye sote tunamwita Tata, alikuwa ameacha kula nyumbani kwangu Bilele, mjini Bukoba. Ana sukari. Muuguzi wa kliniki alisema ndizi hazikatazwi, ila ziwe za kiasi, pamoja na maharage na mboga, mafuta na chumvi vipungue, na dawa asizimeze bila kula. Nikamnunulia sufuria yake. Kila siku nilimpikia ndizi kwa maharage, nikamtengea sahani mezani, na sisi wengine tukala samaki wetu wa kukaanga jikoni ili asitamani. Alikuwa akigusa mara mbili, kisha anasukuma. "Hiki si chakula." Juzi alipepesuka mlangoni, akashika pazia, akaanguka nalo.

Asubuhi, stendi ya Bukoba. Dada yake Tata, Shangazi Kokugonza, ndiye aliyebaki anayepika kama mama yao. Nilitaka kuona anavyofanya, nirudi kabla ya giza. Gari lilikawia kuondoka. Nikampigia mume wangu.

"Tata amekula?"

"Hujatoka hata stendi," alinijibu. "Amekunywa chai."

Tulipofika Kemondo nikapiga tena. Hakupokea. Kuanzia hapo migomba ilipita kulia na kushoto, kahawa imeanikwa kwenye maturubai, nami niliangalia simu zaidi ya dirisha.

Izigo. Shangazi alinipokea kwenye njia ya kibanja, shamba lake la migomba, akanipa kamwani, zile buni kavu za kutafuna.

"Kaije, waitu," alinikaribisha kwa Kihaya. "Umekonda, au ni macho yangu?"

"Ni macho yako, Shangazi."

"Basi leo tutayatibu."

Nikamweleza kwamba nimekuja kujifunza ndizi zake za maharage. Alicheka mpaka akashika mgomba. "Umelipa nauli kuja kuangalia maharage? Ingia ukae."

Mchana. Nilikalishwa sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Shangazi akaleta ndizi zilizopikwa na nyama, mafuta yanaelea, na soda.

"Shangazi, niliomba maharage."

"Maharage ni ya wenye nyumba. Nikimpa mgeni, kesho nitapita wapi hapa Izigo?"

Akaniacha nile. Kutoka jikoni nilisikia akicheka na mke wa mwanawe. Nyama ilikuwa laini, haikukosa kitu. Nikagusa mara mbili. Mara ya tatu mkono haukwenda. Nikaisukuma sahani, na nilipoiona imesogea pale mezani, nikamwona Tata.

Nikainuka, nikaenda jikoni. Walikuwa wameketi chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, jani la mgomba katikati, chakula kinatoa mvuke.

"Mgeni amepotea njia," Shangazi akasema.

"Mimi si mgeni."

"Basi nawa."

Maharage yalikuwa yametangulia chunguni hadi kukaribia kuiva, ndizi zikafuata, nyanya chungu na mnavu juu, kisha jani la kufunika. Nikauliza mafuta yanaingia saa ngapi.

"Yaingie kufanya nini? Ndizi zimeshaiva."

Kwa hiyo upishi wangu haukuwa na kosa kubwa. Nikawaeleza habari za Tata. Shangazi akasimamisha tonge.

"Anakula na nani?"

"Peke yake."

"Kaka yangu," alisema taratibu, "peke yake." Hakucheka tena. Alitoka, akanikatia majani ya mgomba na mkungu wa ndizi.

Njiani kurudi, simu ikapokelewa: mchana Tata hakugusa kitu. Gari lilisimama kila penye mtu, na kila liliposimama nilitaka kushuka nitembee.

Jioni, Bilele. Nilipika chungu kimoja. Nikatandika jani juu ya mkeka.

"Na samaki?" mume wangu akauliza.

"Hakuna samaki."

Watoto wakamwita babu yao. Alisimama mlangoni kwa muda, akitazama jani, akitazama mikono yetu iliyonawa ikimngoja. Nilidhani namlinda kwa sufuria yake. Kumbe nilikuwa nimemfanya mgeni kwa binti yake mwenyewe.

Akashuka mkekani polepole, akishika bega la mume wangu. Akala. Akala tena.

"Chumvi haitoshi," akasema.

"Haitoshi kabisa, Tata," mume wangu akamuunga mkono.

Mkono wa Tata ukarudi kwenye jani. Sikuinuka kuleta chumvi.