Mkwe wa Ng'ambo ya Mto Igunya

Mto Igunya, karibu na Bugarama, hupitisha maji wiki chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Lakini kwa Ndaki mto huo ulijaa mwaka mzima, na ulifurika zaidi kiangazi, msimu wa kuvuna pamba ya mkwewe, Mzee Nkwabi, anayeishi ng'ambo.

Kila alipoitwa kusaidia, Ndaki alipiga simu kwa majonzi, akaeleza jinsi maji yalivyomzuia. Mzee alimpa pole, huku ng'ombe wake wakinywa kwenye visima vilivyochimbwa katikati ya mto huohuo.

Zamani Igunya ilitiririka hadi Juni, watu wakavua kambare. Kisha maendeleo yakafika: huko juu waosha dhahabu wakachepusha maji, na huku chini malori yakabeba mchanga kwenda kujenga nyumba za wageni mjini, yakatuachia mashimo.

Machi moja, Noela, mke wa Ndaki, alitangulia kwao kwenye harusi ya mdogo wake. Ndaki angefuata na mbuzi. Anga ilikuwa safi, ila mvua ilikuwa imenyesha huko juu mto unakotokea. Alipofika ukingoni alikuta maji mekundu yakisomba magogo. Akapiga simu.

"Baba, mto umejaa."

Harusini walicheka hadi wapishi wakaacha masufuria. Mzee, mtu wa huruma, akaondoka kwenda kumvusha mkwe wake asije akazama kwenye vumbi. Alipofika, kicheko kilimwisha.

"Shikamoo baba," Ndaki alipaza sauti toka ng'ambo, kwa furaha ya mtu aliyezoea uongo na leo amepata ushahidi.

"Marahaba. Kumbe huwa unajaa."

Wakakaa wakitazamana hadi alasiri, maji yakapungua. Ndaki akaingia na mbuzi begani, akatumbukia kwenye shimo la wachota mchanga, maji hadi kifuani. Mbuzi akaogelea akawahi harusi. Mzee akavua viatu, akaingia, akamvuta kwa fimbo yake. Kwenye picha zote za harusi Ndaki amevaa kanga ya mkewe.

Juni alivuna pamba ya mkwewe hadi gunia la mwisho. Jioni aliwekewa ndoo ya kuoga, maji ya kisima cha mtoni, mazito kama uji. Mama mkwe, ambaye kwa adabu haonani naye uso kwa uso, alimtuma Noela amuulize kama yanamtosha au aongezewe, maana mto umejaa.