Bangi ya Kuku wa Bibi

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipangiwa kijiji cha Gehandu, kwenye baridi kali, nikapata chumba kwa bibi mmoja mjane. Alilima mahindi na maharage, akafuga ng'ombe wachache na kuku wengi kuliko banda lake. Mimi mtu wa Muheza, niliyezoea joto, nililala na sweta mbili na kufundisha Uraia. Yeye aliniita mwalimu, mimi nikamwita bibi, na tulipatana vizuri mpaka siku niliporudi kutoka semina Katesh.

Semina ilihusu sheria ya dawa za kulevya. Mwanasheria aliyetufundisha alikuwa na sauti ya upole iliyofanya kila neno litishe zaidi. Alisema kosa la kupatikana na bangi au mirungi halingoji ukutwe nayo mfukoni. Ikiwa kwenye begi lako, chini ya kitanda chako, au imeota shambani kwako, na wewe unajua ni nini na iko chini ya uangalizi wako, basi umepatikana nayo. Hata kidogo ni kosa. Ikiwa nyingi, adhabu inapanda. Na mwenye nyumba anayejua akanyamaza naye ana kesi yake. Bangi yenyewe sikuwahi kuiona kwa macho, na hata pale ilielezwa kwa mdomo tu.

Nilimkuta bibi uani akitoa viota vya kuku, huku anajikuna mikono.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Utitiri unanimalizia kuku. Hebu nenda nyuma ya chumba chako, unikatie bangi."

"Nikukatie nini?"

"Bangi. Imejaa pale. Nyingine weka chini ya godoro lako, viroboto watahama."

Asubuhi ile ningeapa mbele ya hakimu kwamba sijui kitu. Sasa nilijua jina, mahali ilipo, na hata matumizi.

"Bibi, hiyo ni jela!"

"Jela ya kuku?"

"Yako na yangu!"

Nikamwaga semina yote, tangu mfukoni hadi shambani. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza katekista.

"Mama yangu aliiweka kwenye viota," alisema, "na alifia kitandani kwake." Akachukua panga, akaenda nyuma, akarudi na mzigo wa majani kifuani. Nusu akaitupa kwenye viota, nusu akaiweka mlangoni kwangu.

Ndipo askari polisi wa kata akaingia uani. Alikuwa amekuja kuulizia jogoo wa kununua, lakini hilo nililijua baadaye. Nilichoona mimi ni sare. Nikanyoosha mikono yote miwili juu.

"Afande, mimi ni mpangaji tu! Nimejua leo hii!"

Askari akanitazama, akatazama majani, akaokota tawi moja. Akalifikicha, akalinusa, akapiga chafya. Kisha alicheka mpaka akashika nguzo ya uzio.

"Mwalimu, hii ni bangi mwitu. Gugu tu, linafanana jina na ile ya kuvuta. Hata kwetu Masakta mama anawawekea kuku."

Nilishusha mkono mmoja kwanza. "Kwa hiyo si kosa?"

"Sheria inafuata mmea, haifuati jina. Ile yenyewe tukiikamata, inapelekwa kwa mkemia wa serikali aithibitishe. Hii nikimpelekea, kazi nitafukuzwa mimi." Akajifuta machozi. "Lakini uliyofundishwa ni kweli yote. Ila siku nyingine usikiri kabla hujaulizwa. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa kwanza kosa lako ni lipi."

Bibi alikuwa anacheka naye, ghafla akakunja uso.

"Afande, sasa huyu mpangaji akiniletea ile yenyewe humu ndani, nani anafungwa?"

"Akiileta bila wewe kujua, bibi, utajieleza. Ukijua ukanyamaza, mtakwenda wote."

Bibi akageuka, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Jogoo akauzwa, askari akaaga, yeye bado ananitazama.

Niliporudi kutoka likizo ya Desemba, alinizuia mlangoni. "Begi chini, mwalimu." Akatandika gunia, akatoa kitu kimoja kimoja: mashati, nazi, kandambili, mpaka akafika kwenye kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na majani makavu. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena.

"Ni mchaichai, bibi. Wa kuweka kwenye chai."

"Wa chai," alirudia kwa sauti ya hakimu.

Akabandika sufuria mwenyewe, akanimiminia kikombe, akakaa mbele yangu na mikono magotini. Nilikunywa chote, naye hakupepesa jicho. Aliporidhika kwamba siimbi wala sichezi, akasogeza kikombe chake.

"Mimina," alisema. "Na sukari usinibanie."