Foleni ya Mpando wa Geita

Miaka ile niliendesha lori la pamba, na kila wiki nilipita mpando wa mlima ulio kabla ya kufika Geita. Kwenye tambarare magari yalikimbia, kila moja kwa mwendo wake. Mlimani tulikuwa sawa wote. Barabara ilichongwa ubavuni, mwamba huku, korongo kule, katikati panatosha gari moja. Wa mbele akipanda kwa gia ya kwanza, wote nyuma yake walipanda kwa gia ya kwanza.

Siku moja ya kiangazi nilimchukua mama mmoja mtu mzima kutoka Nyahanga. Kaka yake alikuwa amefariki, na maziko yalikuwa alasiri hiyo, kijijini ng'ambo ya mlima. Tuliondoka alfajiri.

Katikati ya mpando, lori lililobeba mtambo wa mgodini lilichemsha rejeta. Dereva wake akaweka mawe nyuma ya tairi, akakaa kungoja ipoe. Nyuma yake tulijipanga sita. Kisha yakatokea magari mawili yanayoteremka, na kwa kuwa hapakuwa na pa kupishana, yalianza kurudi kinyumenyume, polepole, kona hadi kona.

Mama aliniuliza kwa nini nisimpite yule wa mbele. Nikamwonyesha korongo. Nikamweleza habari za mzigo, injini na joto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mlango.

"Mwanangu, miguu yangu haichemki," alisema. "Natangulia."

Nilimsihi angoje, nikisema tunaondoka sasa hivi. Neno hilo nilikuwa nimelisema tangu saa nne na mwenyewe sikuliamini tena. Alijitwika furushi lake, akapenya kati ya magari na mwamba, kona ikamficha. Sikushuka hata kumsindikiza hatua chache. Nilikuwa nimechoka mno.

Tulivuka jua likizama. Nilisimama kijijini kwao kumpelekea mfuko wa unga aliouacha garini. Kaburi lilikuwa limekwisha fukiwa. Nilimkuta ameketi na wanawake wenzake, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nikampa pole.

"Nimewahi," alinijibu. "Nimemtupia udongo kwa mkono wangu."

Hakunilaumu. Aliagiza niletewe maji ya kunawa, nile.

Nilikaa na wanaume kula. Mmoja wao akaniuliza iweje gari lishindwe na mama mwenye furushi kichwani. Nikaanza kumweleza habari za gia, nikaishia njiani. Nikasema tu kwamba njia ilikuwa mbaya, nikamega ugali.