Fundi Aliyekatwa Ghalani

Fundi wa kompyuta alikuwa na ugonjwa mmoja: kazi yake aliihubiri hata wakati wa kula. Ofisini kwao kulikuwa na seva tatu zilizotunza kanzidata ya wateja, zote zikichota na kuandika kwenye ghala moja la mafaili, na muda wote zilisalimiana. Ikinyamaza moja, mbili zilizobaki zinapiga kura na kuikata ghalani, isije ikaandika upuuzi juu ya kazi ya wenzake.

"Na lazima ziwe witiri," alimwambia mkewe huku akitafuna. "Zikiwa nne zitagawana kura mbili kwa mbili, kazi ilale."

Mkewe alitikisa kichwa tu. Kumbe alikuwa akisoma somo.

Basi seva zikaugua. Fundi akahamia ofisini, akawa analala chini ya meza, na simu za nyumbani hakupokea, maana mgonjwa haachwi. Aliporudi, shati likinuka, alimkuta mama mkwe kwenye kiti chake, anakula kwenye sahani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa hapo kwenye stuli."

"Tulikusalimia hukujibu," mkewe alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Mimi na mtoto tukapiga kura, tukakukata. Mama tumemwingiza tuwe watatu."

Fundi akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Aliambiwa hana sauti humu ndani mpaka apokee yote yaliyompita. Binti yake wa darasa la pili akaanza: jino limeng'oka, pazia limebadilishwa, paka amezaa ndani ya viatu vya harusi vya baba. Kila jambo alitakiwa ajibu, "Nimepokea." La paka alilijibu kwa shida.

"Haya, nirudishieni kura yangu."

Mama mkwe akahesabu vichwa kwa kijiko. "Tutakuwa wanne, baba. Si ulisema wanne kazi inalala?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kumtoa mama mkwe hawezi, hata kulifikiria ni laana. Na bila kura, yeye ni mgeni kwake.

Binti akainua mkono. "Mimi nitoke, Baba aingie."

"Kwa nini utoke wewe, mwanangu?"

"Mimi kungoja nimeshazoea."

Hakuna aliyepiga kura. Fundi alimpakata mtoto wake akalia, mbele ya mama mkwe, bila aibu yoyote.