Ndege ya Mninga ya Mabruki

Katika nyumba ya Mabruki bin Shaban, seremala wa Gongoni mjini Tabora, kulikuwa na chumba ambacho mgeni hakulazwa. Humo kulikuwa na ndege. Haikuwa na mabawa wala injini. Ilikuwa kiti, na sanduku la mninga lililomfunika mwenye kukaa hadi juu ya kichwa, na mbele ya macho yake visahani viwili vya mbao vyenye mishale. Mshale mmoja ulikuwa wa dira. Wa pili, uliomtoa Mabruki katika utulivu wake, ulikuwa mshale wa redio.

Mambo yalianza siku alipoitwa uwanja wa ndege kutengeneza mlango wa kibanda kilicho chini ya mlingoti wa redio. Alipomaliza, fundi mitambo wa pale alimvisha visikilizio masikioni. Mabruki akasikia mlio mfupi, mrefu, mfupi, kimya kidogo, kisha vilevile tena.

"Anasema nini huyu?"

"Anataja jina la Tabora, kwa alama yake ya milio. Hachoki. Rubani aliye mawinguni akimsikia, mshale wake unageuka wenyewe kumtazama."

Mabruki alitoka nje akaangalia juu. Mbingu ilikuwa tupu, kunguru tu. Babu yake mzaa baba alikuwa kirangozi, yule anayetangulia msafara na baragumu la pembe ya tandala, akiufikisha Ujiji na kuurudisha Bagamoyo. Reli ikaja, misafara ikafa, baba yake akaishia kubeba mizigo ya watu stesheni, na lile baragumu likaliwa na wadudu darini. Kumbe lilikuwapo baragumu jingine, likipigwa juu ya mapaa yao wote, na hakuna mtu Gongoni aliyekuwa na habari. Mwili ulimsisimka kama wa mtu aliyeitwa jina lake porini.

Aliyemfundisha mengine ni Masolwa, rubani kijana wa ndege ndogo ya kupeleka dawa vijijini, Msukuma asiyekosa neno, aliyependa kahawa ya barazani kwa Mabruki. Alimweleza jinsi mshale unavyoonyesha mji uliko, mbele, ubavuni au mkiani, na jinsi upepo unavyoisukuma ndege pembeni huku rubani akijiona amenyooka. Mabruki alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Yaliyobaki alijisomea mwenyewe, kama watu walivyojisomea zamani, kabla ya kusoma kugeuka kuwa jambo la kupewa.

Ramani aliichora sakafuni kwa chokaa. Ili kujua kila mji uko upande gani, alisimama uani akanyoosha mkono kama alivyofunzwa na baba yake, ambaye naye alifunzwa na kirangozi. Ziba kule. Ujiji kule. Siku zile hata mtoto mdogo aliweza kukuonyesha Ujiji kwa kidole. Leo muulize mtu mzima, atakuonyesha stendi ya mabasi. Kisha akapima pembe ya kila mji kuanzia ukuta wa nyumba. Nyumba ile ilijengwa na babu kuelekea kibla, ili anayeamka kusali asihangaike kuuliza, na kwa Mabruki kibla ilikuwa kaskazini, basi.

Mkewe, Mwanahawa, alikaa nyuma ya pazia akiisogeza punje ya kunde juu ya ramani. Punje ilikuwa ndege. Mabruki akiwa ndani ya sanduku, haoni kitu, alimtajia anakoelekea; Mwanahawa akapima kwa jicho, akavuta uzi, na mshale wa redio ukageuka. Upepo pia ulikuwa kazi yake.

"Mbona mshale unakimbilia kulia na mimi nimenyooka?"

"Upepo, Baba Amne."

"Upepo wa wapi tena?"

"Wa mwanamke aliyefua, akapika, na sasa anarusha ndege. Shika njia yako."

Majirani walimwita rubani wa sandukuni. Aliendelea kuruka. Lakini Mwanahawa naye alifikia mwisho wa subira. Binti yao Amne alikuwa mjamzito, angekuja kujifungulia kwao, na chumba kilikuwa na ndege.

"Tukubaliane," alimwambia. "Masolwa akupakie katika ndege ya kweli. Ukiweza, sanduku libaki. Usipoweza, upasue mbao hizo umtengenezee mwanao kitanda."

"Nisipoweza, hata mimi sitaki kuliona," alisema Mabruki, na alimaanisha.

Nafasi ilipatikana mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, wakaacha makaburi ya wazee wao na njia zilizokanyagwa na misafara zikaota majani. Ziba ilihitaji milango ya zahanati. Masolwa alimpeleka Mabruki na mbao zake, na kazi ilipokwisha akamfuata.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Leo unaturudisha wewe. Ukitupeleka Kongo, utanisaidia kueleza."

Walipokuwa juu, Masolwa aliziba vioo vya mbele na ubavuni upande wa Mabruki kwa kitambaa kizito, akamvisha visikilizio, akamwachia usukani, mikono yake mwenyewe ikikaa karibu. Mabruki hakuona tena nchi. Palikuwa na dira, na mshale, na ndani ya masikio, mbali sana, nyuma ya mkwaruzo kama wa mvua juu ya bati, mlio mfupi, mrefu, mfupi. Tabora ilikuwa ikijitaja. 

Alielekeza dira kwenye pembe aliyoipima nyumbani, ile aliyoirudia hadi akaiota. Mshale wa redio ulipaswa kutazama mbele. Ulitazama kulia kidogo. Akangoja. Ukazidi kwenda kulia.

"Upepo," alisema. "Unatoka kulia, unatusukuma."

"Moshi wa mashamba huko chini umesimama wima," Masolwa akajibu. "Tafuta mchawi mwingine."

Ama mshale ulikuwa mwongo, ama pembe yake. Mkono wa babu haukosei, aliwaza. Ziba iko pale alipoonyesha. Basi kilichobaki ni ukuta. Akauona ukuta wa nyumba yao, na babu akiusimamisha huku masheikh waliofika Makka wakimwongoza. Kaskazini? Makka haikuwa kaskazini moja kwa moja. Iliegemea upande wa mashariki, na babu, mtu asiyefanya mambo nusunusu, aliuegemeza ukuta vilevile. Dira ya ndege haikuelekea kibla. Miaka yote Mabruki alikuwa amehesabu njia za dunia kuanzia mahali pa sala.

Aliigeuza ndege kulia, polepole, hadi mshale ukarudi mbele, akaisoma dira, akaishika pembe ile mpya. Mshale ulitulia. Mlio ukakua, mkwaruzo ukafifia, hadi jina likawa safi kama linatajwa na mtu aliyekaa bega kwa bega naye.

Kisha mshale ukatetemeka. Ukayumba huku, ukayumba huku, ukazunguka wote ukaelekea mkiani.

Masolwa akavuta kitambaa. Chini yao ulikuwepo mlingoti, mwembamba kama unywele, na kibanda chenye mlango wa mninga, na ng'ambo yake reli na mapaa ya mji. Mabruki alitazama mpaka machozi yakaharibu yote.

Alipofika nyumbani, Mwanahawa alikuwa akipepeta mchele.

"Imekukubali?"

"Mimi imenikubali. Ukuta wa babu ndio imeukataa." Akamweleza.

Mwanahawa alicheka hadi akaweka ungo chini. "Ukuta usiguswe. Geuza ramani yako. Amne atalala chumbani kwangu, na wewe utalala humo na ndege yako." Akainuka kumsaidia kufuta chokaa, kisha akasimama na kitambaa mkononi. "Niambie. Mlipopita juu ya mlingoti kabisa, uliita kwa nguvu zaidi?"

Mabruki alifikiri.

"Hapana, Mama Amne. Juu yake kabisa ulinyamaza. Kana kwamba aliyekwisha kufika haitwi tena."

Wakakaa sakafuni wawili hao, wakiwaza habari hiyo.