Miaka Miwili Kabla ya Chuo Kikuu

Mdogo wangu alimtolea Mungu shukrani kwa chuo kikuu ambacho binti yake hakuwa ameingia, na mimi nilikuwepo.

Binti huyo alimaliza kidato cha nne hapa Mbozi, akapata daraja la kwanza. Mama yake mdogo, ambaye ni muuguzi Uingereza, akamchukua akaishi naye, na mwezi wa tisa akapokelewa katika chuo kilicho karibu na wanapoishi. Jumapili iliyofuata mdogo wangu alipeleka jogoo wawili na debe la maharage kanisani kwetu Nanyala. Mzee wa kanisa aliyesoma matangazo, kwa furaha yake tu, akasema binti yetu ameingia chuo kikuu cha Ulaya. Vigelegele vikapigwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele, kofia mkononi, na hakusema kitu. Nami, mwalimu mstaafu wa sekondari niliyejua ukweli, nilipiga makofi pamoja na wengine. Baada ya ibada jogoo wakauzwa kwa mnada kama kawaida, watu wakarudi makwao.

Wiki chache baadaye binti alituma picha za chuoni. Katika moja, vijana wenye ovaroli walikuwa wakijenga ukuta wa matofali. Katika nyingine wasichana walikuwa wakijifunza kutengeneza nywele. Jirani akaziona kwenye simu ya mdogo wangu.

"Kumbe ni ufundi! Si ungempeleka hapahapa tu, baba, ile nauli ukanunulia mbolea?"

Alitania. Lakini kwetu tumezoea kuuona ufundi kama kimbilio la aliyekosa kidato cha tano, na maneno yale yalimchoma mdogo wangu.

Nilimkuta kwenye vichanja vya kuanikia, akichambua kahawa ya mwisho ya msimu.

"Dada, mwezi wa kumi na mbili anarudi," alisema bila kuinua macho. "Nitamtafutia kidato cha tano hapa."

"Amekosa nini?"

"Yeye hajakosa. Mimi ndiye niliyemshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakunipa. Na sasa mtoto wa daraja la kwanza anakaa darasa moja na fundi saluni."

"Si darasa moja. Ni jengo moja. Wewe utoto wako wote umelala nyumba moja na mbuzi, mbona hukuwa mbuzi?"

Hakucheka. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua naye. Niliwahi kukaa Uingereza mwaka mmoja kwa kozi ya ualimu, na hata mimi ilinichukua muda kuelewa mpangilio wao.

Nilimweleza kwamba kule shule humshika mtoto mpaka karibu miaka kumi na sita, hapo hufanya mtihani mkubwa, kama wetu wa kidato cha nne. Baada ya hapo sheria haimruhusu kukaa tu nyumbani. Lazima asome au ajifunze kazi mpaka atimize kumi na minane. Shule nyingine zina madarasa ya miaka hiyo miwili, na wengine huhamia chuo. Chuoni utamkuta anayesoma hesabu na fizikia ili aende chuo kikuu, utamkuta fundi uashi, utamkuta hata mama wa umri wangu aliyerudi kujifunza kuandika vizuri. Chuo kikuu huja baadaye, ndiko hasa watu huenda kusoma digrii. Majina yao nayo yasikusumbue, nikamwambia, maana zipo hata shule zinazojiita vyuo. Uliza tu mtoto anasoma nini.

"Anasoma nini?" akauliza.

"Baiolojia, kemia na hesabu," nilimjibu, maana binti alishanieleza.

Mkono wake ukasimama juu ya kahawa. "Hicho si kidato cha tano?"

"Ndicho, ila wao hawakiiti hivyo."

"Wanavaa sare?"

"Hapana. Na walimu wanawaita kwa majina yao."

"Mungu wangu. Hapo ndipo atakapoharibika."

Sasa alicheka, kidogo tu, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. Akaniambia elimu ameielewa, ila kanisani atatazamaje watu? Nikaona kwamba kumrudisha binti kulikuwa njia yake ya kuificha ile Jumapili. Nikamwambia, "Nilipiga makofi nikijua. Ukisimama, nitasimama nawe."

Jumapili tulisimama wote wawili. Mdogo wangu akasema, "Siku ile nilinyamaza, mkaamini. Mtoto hajafika chuo kikuu. Yuko chuo, kama kidato cha tano chetu, bado miaka miwili na mtihani. Naomba mnisamehe, na mumwombee."

Kisha yule mzee wa matangazo akasema, "Neno 'kikuu' niliongeza mimi, baba. Lakini jogoo tumeshawala, haturudishi." Watu wakacheka kwa upole, na mchungaji akaomba.

Nje ya kanisa mdogo wangu alimpigia simu binti yake. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti nyembamba ikiuliza kama ni kweli anarudi.

"Kaa huko usome," alisema. "Nimewaambia."

"Umewaambia nini, baba?"

"Kwamba bado hujafika."

Nikamsikia binti akilia kama aliyetuliwa mzigo, na baba yake, kofia ikiwa kichwani sasa, akasubiri amalize.