Panzi Wawili wa Barabara ya Mpakani

Nina wivu. Nalisema mapema nisije nikasemwa. Wengine huzaliwa na mwanya, mimi nilizaliwa na kijicho, na hapa Tunduma ndicho kilichonilisha.

Nilikuwa nauza laini za simu chini ya mwavuli wa zambarau, kando ya barabara iendayo mpakani. Ng'ambo yangu, chini ya mwavuli wa pinki, alikaa mwanamke wa kampuni shindani. Mimi ni Mndali wa milima ya Ileje, na nikifungua mdomo tu watu wanajua nilikotoka. Yeye ni Mnamwanga, na Kibemba nacho anakijua. Akimwona mama anatoka upande wa Zambia na mzigo kichwani, anamsalimu kwa sauti, "Mwapoleni, mayo!" na yule mama anamwendea moja kwa moja. Roho iliniuma mno. Malori ya foleni yakisimama katikati yetu niliumia zaidi, maana sikuona ananiibia nani.

Basi tukashindana. Akimpa mteja vocha ya kuanzia, mimi natoa vocha na kumwekea bando kwa mkono wangu. Akileta benchi, naleta benchi lenye mgongo. Wakubwa wetu nao walifanya vivyo hivyo: huyu akishusha bei ya bando, yule anaongeza dakika kabla wiki haijaisha. Mteja alikuwa akitembea barabara ile kama bwana arusi.

Kisha tukasikia redioni kwamba kampuni yake na yangu zimeungana. Wakubwa wakaoana, sisi tukawa wake wenza. Msimamizi wa eneo alikuja na mwavuli mmoja wa kijivu, akausimika upande wa yule mwanamke, akasema tukae wote hapo mpaka ofisi iamue nani abaki. Kona moja haihitaji watu wawili, alisema. Nikavuka barabara na kiti changu cha plastiki, kile chenye mguu niliouunga kwa waya.

Tulikaa bega kwa bega bila kusemezana. Mteja akija tunamkaribisha kwa pamoja, kisha kila mmoja anatazama atamwinamia nani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi majike tulikuwa vilevile. Nilitaka kubaki pale. Sikuwa na kazi nyingine niliyoijua, na zaidi ya hapo sikutaka abaki yeye.

Akabaki yeye. Msimamizi alisema ana lugha za wateja. Niliondoka kwa hasira nikasahau kiti, na sikurudi kukichukua. Heri kukaa chini kuliko kumwomba yule. Kila nilipopita kwenda sokoni nilikitazama kwa jicho la pembeni: kiko ubavuni mwake, kitupu, hakuna anayekikalia. Nikajua ananiringia. Amechukua wateja, amechukua kona, sasa anaanika na kiti changu watu wakione. Nilimchukia hata chakula kikakosa ladha.

Wakati huo bando zikaanza kusinyaa. Bei ni ileile, dakika zimepungua. Baadaye bei nayo ikapanda. Sasa nilikuwa mteja kama wengine, nikawa nakatikiwa maneno mdomoni. Siku moja sokoni alinishika mkono mama anayeleta chumvi kutoka Ivuna, ambaye zamani alikuwa mteja wangu.

"Mwanangu, mlipokuwa mnagombana ninyi wawili, nilikuwa naongea na wanangu mpaka sikio linapata moto. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sasa panzi mmepatana, sisi kunguru tufe?"

"Mama, mimi sijapatana na mtu."

"Basi rudi ukagombane," akasema, akaendelea kupima chumvi yake.

Haikupita muda mrefu ikaja kampuni kutoka nje ya nchi. Wapo walionung'unika kwamba wageni wanakuja kuchuma na kuondoka. Mimi nilipeleka jina langu siku hiyohiyo. Waliponichukua, mtu wao aliniuliza nataka mwavuli ukae wapi, stendi au sokoni. Nikampeleka mahali pangu pa zamani, ng'ambo ya yule mwanamke, nikamwambia hapa.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimekalia kreti ya soda chini ya mwavuli mweupe, lile benchi langu lenye mgongo nimewawekea wateja. Nikamwona anavuka kati ya malori, kiti changu mkononi. Nikaandaa matusi. Akakiweka mbele yangu. Ule waya wenye kutu haukuwepo, mguu ulikuwa umefungwa waya mpya.

"Kiti chako, dada."

"Si ulikuwa unakianika uniringie?"

"Wateja walikuwa wanakitaka kila siku. Nikawaambia kina mwenyewe, atarudi." Akautazama mwavuli wangu, kisha ubao wa bei, akausoma mpaka mwisho. "Bando zenu nafuu hivi? Mimi nimewaambia ofisini watu wanalia, wakaniuliza, kwani wataenda kwa nani? Ngoja sasa niwajibu."

Akarudi kwake mbio. Nikakaa kwenye kiti changu, na sikujua niyaweke wapi yale matusi.

Kabla kiti hakijapata joto nikamwona mama wa Ivuna anakuja na chumvi yake, macho yakiwa kwangu. Moyo ukacheza. Mara ng'ambo ikapigwa salamu ya Kinamwanga, tamu, ndefu, ya kuulizia nyumba nzima mpaka mifugo. Mama akageuza shingo. Wivu ukanipanda palepale, nikasimama nikaita kwa sauti yangu yote, "Mama, karibu benchi, lina mgongo!"

Akasimama katikati ya barabara. Akanitazama, akamtazama mwenzangu, kisha akatua chumvi chini bila haraka, malori yakimpigia honi.

"Haya," akasema, "nibembelezeni."